Printa ya utepe kwenye kompyuta ya XP: kabla hujaitupa, soma ilichochapa

Mkuu, nimekuelewa hivi: mzee amekuachia Epson LX-300+ dukani, kompyuta yenyewe ni Pentium 4 yenye Windows XP, programu ya ankara ni ile ya zamani ya skrini nyeusi, na umenunua waya wa USB wenye kichwa kipana upande wa pili lakini printa imenuna. Waliotangulia wamekushauri uitupe ununue ya leza. Mimi nakataa. Leza haigongi karatasi, kwa hiyo ankara ya nakala tatu yenye kaboni haiwezi kuitoa hata uibembeleze.

Kwanza, huo waya wa USB uweke pembeni. Kompyuta ya umri huo karibu kila mara ina poti ya printa. Angalia nyuma: soketi ndefu ya matundu 25, mara nyingi ya rangi ya waridi. Usiichanganye na ile fupi ya bluu yenye matundu 15, hiyo ni ya skrini. Tafuta kebo ya zamani, upande mmoja pini 25 na skrubu mbili, upande mwingine kichwa kipana kinachobanwa na vibanio vya waya. Jaribu Kariakoo kwenye vibanda vya mitumba. Zima kompyuta NA printa kabla ya kuchomeka. Hii si flashi, ukichomeka vitu vikiwa na umeme unaweza kuunguza poti.

Kabla hujagusa kompyuta, pima printa peke yake. Weka karatasi, shikilia kitufe cha LF/FF huku ukiiwasha. Ikianza kulia krii-krii na kuandika mistari ya herufi, ni nzima, acha kuisingizia. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta Parallel Port (ndiyo hiyo poti ya printa), hakikisha haijazimwa na anwani yake ni 378. Kama kila ukiwasha saa inarudi nyuma miaka, badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao, la sivyo kila umeme ukikatika mipangilio yako inapotea nawe unarudi mwanzo. Hilo lilinitesa wiki nzima.

Sasa jaribio ninalolipenda. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika:

echo SARUJI > lpt1

Halafu Enter. Hapo hakuna draiva (programu ya kuendeshea printa) ya kulaumiwa, maneno yanakwenda moja kwa moja kwenye poti ya printa, ambayo kompyuta inaiita LPT1. Neno likitoka, kazi kubwa imeisha, na programu yako ya ankara itachapa maana nayo inaongea na LPT1. Draiva utaihitaji kwa mambo ya Windows tu. Usipoikuta modeli yako kwenye orodha, chagua Generic / Text Only, ankara ya maandishi matupu itatoka vizuri.

Na neno likitoka limekosewa? Hapa ndipo nilipojifunza. Nilikuwa naangalia duka la vifaa vya ujenzi la mjomba, Morogoro. Siku moja ankara ya SARUJI MIFUKO 20 ikatoka hivi:

SASUKI!MIGUKO!31

Mteja mmoja mcheshi akadai apewe mifuko 31 kama karatasi inavyosema. Fundi akaja, akatazama dakika mbili, akasema kichwa cha printa, kile kinachogonga herufi, kimekufa. Bei ya kichwa aliyotaja ilimfanya mjomba akae chini.

Usiku nikakaa na ile karatasi. S ipo sawa, A ipo sawa, lakini R imekuwa S na J imekuwa K. Nafasi tupu zimekuwa alama za mshangao. 2 imekuwa 3, 0 imekuwa 1. Kichwa kibovu huacha mstari mweupe katikati ya herufi, hakigeuzi R kuwa S! Kila herufi ina namba yake: A ni 65, R ni 82, S ni 83, J ni 74, K ni 75. Zote zilizogeuka zilikuwa namba shufwa, na kila moja imepanda kwa moja ikawa witiri. Witiri hazikuguswa.

Namba ya herufi husafiri kwenye nyaya nane kwa pamoja, pini ya 2 mpaka ya 9, kila waya ukibeba sifuri au moja. Ule wa pini ya 2 ndio unaobeba tarakimu ya mwisho, yaani ndio unaoamua shufwa au witiri. Ukikatika, printa inausoma kama moja daima. Nikachukua mita, ile inayolia waya ukiwa mzima, nikagusa pini ya 2 huku na huku: kimya. Nikikunja kebo karibu na kichwa chake, mita inalia. Mguu wa meza ulikuwa umeikanyaga kebo tangu walipohamisha kaunta. Kebo nyingine ya mtumba, SARUJI ikarudi kuwa SARUJI.

Kama kweli poti ya kompyuta yako imekufa, hapo ndipo huo waya wa USB utakufaa, ila ujue Windows inauita USB001, si LPT1, ndiyo maana programu yako haiuoni. Weka printa na draiva yake kwenye poti hiyo, i-share (iruhusu itumike kwenye mtandao) kwa jina fupi, tuseme EPSON, na kama kompyuta inaitwa DUKA andika:

net use lpt1: \\DUKA\EPSON /persistent:yes

Na tafadhali usiloweke utepe kwenye wino wa mhuri ili kubana matumizi, pini zitaganda.

Jaribu ile amri ya echo kwanza. Ikitoka imekosewa, piga picha ya karatasi uibandike hapa, ukiniandikia na ulichokuwa umeagiza kichapwe.