Kupe wachache tu, mbona ndama amekufa?

Pole sana, ndugu. Kwa dalili ulizotaja, yaani tezi za chini ya sikio kuvimba, homa kali, kisha kuhema kwa shida na povu puani, hiyo inafanana sana na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Wingi wa kupe si hoja. Akiwepo mmoja mwenye vimelea vya Theileria parva, anatosha kuua ndama.

Anayeeneza ni yule kupe wa kahawia anayependa masikio. Kupe huyo hazaliwi na vimelea kutoka kwa mama yake. Huanguliwa akiwa safi. Akiwa mdogo hunyonya ng'ombe mwenye vimelea, hudondoka, hujibadilisha nyasini, halafu hupanda mnyama mwingine na kumwambukiza. Akishang'ata, vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye tezi zake za mate. Hapo ndipo penye nafasi yako: ukiogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe kila wiki, kupe wengi hufa kabla ya kuambukiza. Kusubiri mpaka uwaone wamejaa ni kuchelewa. Na dawa ifike ndani ya sikio, inua sikio uangalie kwa macho yako.

Kwa ndama waliobaki, muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana. Huchomwa mara moja, pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini (antibiotiki), na kinga hudumu miaka mingi. Akiugua mwingine, dawa ya buparvakwoni hufanya kazi vizuri ikiwahi. Akishaanza kutoa povu, mara nyingi haisaidii tena.