Mavuno yakifika madhabahuni, jirani naye ale

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtunza hazina wa usharika mdogo hapa Kibirizi, Kigoma. Jumapili ya mavuno inakaribia na baraza la wazee limegawanyika. Nusu wanataka kila kitakacholetwa kipigwe mnada, fedha ziende kwenye paa. Sisi wengine tunataka sehemu iende kwa majirani wanaotuzunguka, ambao wengi ni Waislamu. Mzee mmoja aliuliza kwa uchungu: "Vitu vya madhabahuni tuwape watu wasiosali nasi?" Nilikosa jibu. Na tukitoa, tutoeje bila kumfedhehesha mtu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mzee usibishane naye, keti naye msome Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Ndiyo ibada yenyewe ya malimbuko: kapu linawekwa mbele ya madhabahu, mwenye kapu anakiri jinsi Bwana alivyowatoa Misri, kisha anaambiwa afurahie mema yote aliyopewa, yeye, na Mlawi, na mgeni aliye kwake. Ukishuka kidogo unawakuta yatima na mjane, nao wale washibe. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Kumpa jirani, basi, si kumpunguzia Mungu sadaka yake. Ni ibada ileile, bado inaendelea nje ya mlango.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimehudhuria mavuno mengi yaliyoishia kwenye mnada. Jogoo ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, tunapiga vigelegele, tunatawanyika, na mama anayeishi nyuma ya ukuta wa kanisa ameambulia kelele zetu tu. Paa ni hitaji la kweli, mnada ufanyike. Lakini fungu la majirani litengwe kabla ya mnada kuanza, mahindi, maharage na mawese, asubuhi ileile. Fedha zikishahesabiwa kila mtu huwa na mpango nazo.

Sasa siku ya kupeleka. Hapo Kibirizi mji unakula kwa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na mitumbwi inalala ufukweni. Siku hizo mvuvi hana kitu, mama muanika dagaa hana cha kuanika, mbeba mizigo wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, anakaa kivulini. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024; kila mwezi upo ukata kama ule, mfupi zaidi. Mahindi makavu na maharage hayaharibiki kwa kusubiri wiki mbili. Yahifadhini, myapeleke mbalamwezi ikianza, yatakuwa na maana kuliko Jumapili yenyewe ambayo pengine kila nyumba ina chakula.

Kuku wapelekeni wazima. Msiwachinje wala kupika pilau kanisani mkaibeba kwa masufuria, kwa kuwa jirani Mwislamu ana haki ya kujua nani amechinja nyama yake. Akichinja mwenyewe atakula kwa amani. Hili dogo ndilo linalomwonyesha kwamba mmemfikiria yeye.

Kuhusu fedheha: asiwepo mtu wa kupiga picha, na asiitwe mtu mbele ya kusanyiko kupokea. Ulizeni balozi wa nyumba kumi na wanawake wa mtaa, wao ndio wanaojua nyumba ipi haijainjika sufuria. Wapelekaji wawe wawili, jioni, wabishe hodi, wasalimie, wakae kidogo. Mahubiri yasiwepo safari hiyo. Na msihesabie chakula peke yake kuwa utumishi. Kwaya yenu ina vijana wenye nguvu. Kama kuna bibi ambaye choo chake kimebomoka kwa mvua, wakijenge upya Jumamosi moja. Msiba ukitokea kwa jirani, wazee wenu wafike mapema na kubeba viti, kama ambavyo nina hakika majirani hao hufika kwenu na mikeka yao.

Jambo moja wazee wengi hulisahau. Jirani wa Pwani ya ziwa harudishi bakuli tupu. Mtapelekewa migebuka, mihogo, na siku ya Idd mtapelekewa pilau. Pokeeni, na mle. Ukimpa mtu halafu ukakataa chake, umemweka chini yako, na hapo shukrani imekufa.

Kwa wewe mwenye daftari: andika debe ngapi, lita ngapi za mawese, kuku wangapi, na neno "majirani" mbele yake. Majina ya waliopokea yasiingie kwenye kitabu kabisa. Hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano wa usharika pamoja na ya paa, yule mzee akiwepo.