Chatu hapati joto? Usinunue mkeka mwingine kabla hujapima

Mkuu, pole sana. Nimekuelewa: una chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, kwenye tangi la kioo lenye mfuniko wa wavu. Mkeka wa joto wa umeme uko chini ya tangi, themostati (kile kifaa kinachouwasha na kuuzima kufuata joto) umeiseti digrii 32 za Selsiasi na taa yake haizimiki usiku kucha, lakini kipimajoto cha duara ulichobandika ukutani kinasoma 23, na nyoka amegoma kula tangu baridi ya Minnesota iingie. Wenzangu wamekushauri ununue mkeka wenye wati nyingi zaidi. Subiri kwanza. Nimefuga chatu hapa Marekani miaka mingi, na matangi niliyoitwa kuyakagua mara nyingi mkeka wake ulikuwa mzima kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo.

Hicho cha duara kiweke kando. Kipo juu, kinapima hewa, na mkeka haupashi hewa kwa kiasi cha maana. Unapasha kioo ulichokibandikia, basi. Kwa hiyo 23 ni habari ya sebule yako, haikuambii chochote kuhusu pale tumbo la nyoka linapolala. Tafuta kipimajoto cha dijitali chenye sensa ya waya, yaani ncha ndogo ya kupimia, sogeza maranda pembeni ndani ya pango (kijisanduku cha kujifichia) la upande wa joto, ulaze sensa juu ya kioo chenyewe. Kile cha mkononi chenye umbo la bastola ni kizuri, ila kinasoma uso wa juu tu: ukikielekeza kwenye maranda kitakupa joto la maranda, wakati chatu huchimba mpaka akakigusa kioo. Unachotafuta ni 31 hadi 33 kwenye pango la joto, na 24 hadi 27 upande wa pili.

Kama huamini kipimajoto chako, ponda barafu ujaze kikombe, tia maji kidogo, koroga, zamisha sensa na usubiri dakika chache. Isome 0, au ipishane kwa digrii moja. Ikisoma 4, usiitegemee.

Sasa tuje kwenye taa isiyozimika, maana hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hujasema sensa ya themostati umeiweka wapi. Kama inaning'inia hewani ndani ya tangi, au imechomoka na kuangukia nje, themostati inaona 23 usiku kucha na inaendelea kusukuma umeme, huku kioo kule chini kikiweza kuvuka 45. Nyoka hakimbii joto linalotoka chini kama wewe unavyoondoa mkono kwenye sufuria. Anaweza kulala pale pale akaungua magamba ya tumbo, na vidonda hivyo hupona kwa shida. Kabla hujafika mwisho wa maelezo haya, nenda kaweke mgongo wa kiganja kwenye kioo chini ya maranda. Ukishindwa kuutuliza pale, chomoa plagi sasa hivi.

Mimi sensa ya themostati naiweka nje, katikati ya mkeka na kioo, naibana kwa tepu ya aluminiamu. Ikiwa ndani, nyoka huisukuma, huikojolea, maji ya bakuli huifikia, na sensa iliyolowa husoma chini ya joto halisi. Ukiiweka nje, panga themostati juu kidogo, pole pole, mpaka kipimajoto cha ndani kisome 32. Na tafadhali usibandike tepu ya aina yoyote ndani ya tangi. Nimesaidia kumbandua chatu mchanga aliyenasa kwenye selotepu, kwa mafuta ya kula na kidole, kidogo kidogo, na bado baadhi ya magamba yalitoka nayo.

Sensa ikiwa mahali pake na taa bado haizimiki, ijaribu themostati yenyewe. Chomoa mkeka, chomeka taa ya mezani yenye balbu ya kawaida ya zamani, kisha bana sensa kwapani. Kwapa lina joto la kama 36, kwa hiyo baada ya muda mfupi taa ya mezani inatakiwa izime au ififie; ukiitoa sensa iwake tena. Kama kiashiria cha themostati kimezima lakini taa ya mezani inaendelea kuwaka, rilei, yaani swichi ya ndani, imegandamana. Hiyo ni ya kutupa, usimpe hata rafiki.

Themostati ikifaulu, geukia mkeka. Mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, apime ukinzani (ohm) kwenye pini za plagi, mkeka ukiwa umechomolewa ukutani. Hesabu ni volti mara volti, gawa kwa wati. Mkeka wa wati 16 wa hapa, volti 120, usome karibu ohm 900. Usiposoma chochote, waya umekatika ndani. Ukisoma kama 3,300, huo umetengenezwa kwa volti 230. Hilo nimelikuta kwa jamaa aliyehamia huku kutoka Uingereza na vifaa vyake vyote, akabadilisha plagi tu: mkeka ulikuwa vuguvugu, kwa sababu ulikuwa unatoa karibu robo ya nguvu yake. Anayefikiria kupeleka mkeka wa hapa Nairobi au Dar ajue kwamba huko mambo yanageuka. Utavuta karibu mara nne ya nguvu yake, na hapo ni moto.

Vyote vikiwa vizima, basi ni chumba. Mkeka unaongeza digrii kadhaa juu ya joto la chumba, na usiku mkipunguza hita ya nyumba, joto lote linatokea kwenye wavu. Funika sehemu kubwa ya wavu, ziba pande tatu za tangi kwa nje kwa vipande vya foma ngumu, halafu weka balbu ya seramiki, ile inayotoa joto bila mwanga, juu ya wavu, na themostati yake yenyewe. Holda iwe ya kauri. Ya plastiki huyeyuka. Chini ya tangi usizibe, acha miguu ya mpira ibaki ili joto la mkeka lipate pa kutokea.

Kuhusu kula, usimpe panya mpaka joto litulie siku kadhaa, maana akila akiwa na baridi anaweza kutapika. Chatu wa aina hii aliyekomaa anaweza kugoma miezi kadhaa wakati wa baridi bila kudhurika, ilimradi uzito haushuki, kwa hiyo mpime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Akipumua mdomo wazi, akitoa mapovu au mlio wa filimbi, hilo si la themostati tena: mpeleke haraka kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka.

Nipe namba hizi: joto la kioo ndani ya pango, joto la upande wa baridi, joto la chumba saa kumi alfajiri, na wati na volti zilizoandikwa kwenye mkeka. Pia niambie sensa ya themostati umeikuta wapi.