Gari la Zamani: Maswali Yenu kuhusu Geji za Dashibodi

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu zote zinalalamikia mishale: uliolala, unaocheza, unaopanda bila sababu. Tumechagua tano.

Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1989. Geji ya mafuta imelala kwenye E (tupu) hata nikijaza tangi. Fundi mmoja ananishauri ninunue dashibodi nzima ya mtumba. Nimsikilize? (Msomaji, Uyole)

Bado. Geji yenyewe huharibika mara chache kuliko vitu vingine vyote vilivyo njiani: fyuzi, waya, soketi, floti ya kwenye tangi (kipimo chenye boya linalopanda na kushuka na mafuta) na athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Dashibodi ya mtumba ukiifunga leo na floti ikawa ndiyo mgonjwa, mshale mpya nao utalala hapo hapo kwenye E.

Anza na fyuzi ya geji. Ikiwa nzima, chomoa soketi ya floti juu ya tangi. Utakuta waya wa geji, waya wa athi, na kwenye baadhi ya magari waya wa tatu wa taa ya mafuta kuisha. Washa swichi bila kuwasha injini. Chukua balbu ndogo ya wati 3.4, ile ile ya kwenye dashibodi, upande mmoja ushike waya wa geji, mwingine ushike bodi. Subiri dakika moja au mbili kwa sababu mishale mingi ya Toyota hutembea polepole makusudi, ili mafuta yakisukwasukwa kwenye kona isiyumbe. Balbu inawekwa kupunguza umeme. Waya mtupu ukiugusisha bodi kwa muda mrefu unaweza kuunguza koili ya geji iliyokuwa nzima.

Mshale ukipanda kuelekea F (limejaa), geji na waya havina kosa. Rudi kwenye tangi. Usipopanda, kagua waya kwenda mbele na soketi za nyuma ya dashibodi.

Kwenye tangi, pima kwanza athi: mita kati ya waya wa athi wa floti na bodi isome karibu na sifuri. Kutu hapo peke yake inatosha kulaza mshale. Kisha pima floti. Toyota nyingi za enzi hizo husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 3 hivi tangi likijaa na 110 hivi likiwa tupu. Modeli hupishana, kwa hiyo usiihukumu floti kwa omu chache. Cha kutazama ni namba kupanda na kushuka bila kukatika.

Ukilazimika kuitoa floti, fanyia kazi uwanjani, mbali na jiko na sigara, na hasi ya betri iwe imefunguliwa. Osha juu ya tangi kabla hujagusa skrubu. Vumbi jekundu likidondoka ndani, wiki ijayo utatuandikia kuhusu chujio la dizeli. Toa floti kwa kuizungusha taratibu, mkono wake usipinde. Itikise sikioni: ukisikia mafuta yanacheza ndani ya boya, limetoboka na linazama, ndiyo maana geji inasema E kila siku. Boya likiwa zima, tazama waya mwembamba uliozungushiwa kwenye kibati na ulimi unaotambaa juu yake. Mara nyingi utaona sehemu moja imekuwa nyeusi. Futa kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti. Msasa hapana kabisa, waya huo hauvumilii. Rudishia na gasketi mpya inayostahimili mafuta. Silikoni ya kawaida hulainika ikikutana na dizeli.

Land Rover yetu ya zamani, geji ya mafuta na ya joto zimeanza kupanda pamoja. Tangi lina nusu, geji inasema limejaa, na ya joto iko karibu na nyekundu lakini gari halichemshi. (Msomaji, Mafinga)

Neno "pamoja" katika barua yako limeshajibu nusu ya swali. Geji mbili haziugui siku moja. Kilichougua ni kitu kinachozilisha zote. Nyuma ya dashibodi ya Land Rover za zamani kuna kidude kidogo, stabilaiza, kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10 kabla haujafika kwenye geji hizo mbili. Kinafanya hivyo kwa kukata na kuunganisha, na kinahitaji athi kupitia ganda lake. Athi ikipotea kwa kutu au skrubu kulegea, hakikati tena: volti zote za betri zinapita na mishale yote miwili inadanganya kwa juu. Kikifa kabisa, yote inalala.

Kaza skrubu yake na usugue bati mpaka ling'ae, kisha weka testa kwenye mguu wenye herufi I. Taa ikipepesa, kinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, kimekufa au athi bado. Kama kipya hakipatikani, fundi redio anaweza kukutengenezea kwa IC ya 7810 (kipande cha elektroniki kinachotoa volti 10) na kapasita mbili, ya 0.33 µF kwenye kuingia na ya 0.1 µF kwenye kutoka, kwa gharama ndogo. Usikubali "kuungwa moja kwa moja". Geji za volti 10 zikilishwa 14 kila siku, nazo zitakufa.

Asubuhi za Juni na Julai mshale wa joto haupandi kabisa, hata nikifika Makambako. Geji imekufa? (Msomaji, Njombe)

Huenda inasema kweli. Uliza kama aliyekuuzia aliitoa themostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa gari likichemsha mara moja, na kwa baridi ya Njombe injini isiyo na themostati inaweza kutembea siku nzima bila kufikia joto lake, ikila mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Washa gari likiwa baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukianza kupata uvuguvugu mara moja pamoja na injini, hakuna themostati au imekwama wazi. Weka nyingine, nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82.

Kama mpira unakaa baridi kisha unapata moto ghafla, themostati ni nzima, geuka kwenye sensa ya joto iliyofungwa kwenye injini. Chomoa waya wake na uugusishe bodi kupitia balbu ile ile: mshale ukipanda, sensa ndiyo mbovu. Sensa ya waya mmoja hupata athi kupitia nyuzi zake za skrubu, hivyo ukiifunga kwa tepu nyeupe ya mabomba mizunguko mingi, umeikata athi mwenyewe. Mzunguko mmoja, au usiweke kabisa.

Jambo moja kwa wote wanaopanda Kitonga. Mshale wa joto uliokuwa juu ukishuka ghafla hadi C (baridi) katikati ya mlima, usishukuru. Maji yameisha, sensa imebaki kwenye hewa, na injini inaendelea kuiva bila mtu wa kukuambia. Simama. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, hasa huku juu: Mbeya iko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ukiachia presha ya kifuniko yanafoka papo hapo.

Mshale wa spidi unacheza kati ya 30 na 60 na kuna mlio kama wa panya nyuma ya dashibodi. (Msomaji, Tukuyu)

Kebo imekauka. Ifungue nyuma ya spidomita, vuta waya wa ndani utoke wote, uoshe kwa mafuta ya taa, kisha uviringishe sakafuni: ukirukaruka badala ya kuzunguka laini, umepinda, nunua kebo mpya. Ukiwa mzuri, paka grisi nyepesi, kidogo, na uache sentimita 15 za juu zikiwa kavu. Grisi hupanda na waya unavyozunguka. Ikiingia kwenye spidomita, sahani ya ndani hunata na mshale utakuonyesha 120 ukiwa umesimama sokoni. Wakati wa kurudishia, kona za kebo ziwe pana. Mshale ukiwa umekufa kabisa na waya ni mzima, kagua gia ya plastiki kwenye giaboksi.

Nimeshapata dashibodi ya mtumba. Niangalie nini kabla ya kuifunga? (Msomaji, Iringa mjini)

Linganisha soketi za nyuma, idadi na rangi za waya, na kama ni ya dizeli au petroli. Ya petroli haina taa ya hita za dizeli, na geji yake ya mizunguko ya injini haitasoma sawa. Fungua hasi ya betri, toa skrubu za fremu kwa bisibisi ya nyota, vuta kidogo tu, kisha chomoa kebo ya spidi kabla hujavuta zaidi. Nyuma kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba. Safisha meno yake kwa kifutio cha penseli na kaza nati za geji kwa vidole, kwani shaba hiyo hupasuka ukitumia nguvu.

Usiache tundu la balbu ya betri wazi, wala usiweke LED hapo. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaoiamsha altaneta (mtambo unaochaji betri) hupitia balbu hiyo. Ikikosekana, altaneta inaweza isichaji na utalala njiani. Andika pia kilomita za zamani na tarehe kwenye daftari la gari, atakayelinunua kwako atauliza.