Kusoma Marekani kwa kazi ya usaidizi chuoni: isome barua kabla ya kusaini

Kila inapokaribia Machi, wadogo zangu wa Dar, Bukoba na Nairobi hunitumia barua walizopata kutoka vyuo vya Marekani wakiuliza: "Kaka, huu ni ufadhili au ni kazi?" Ni kazi. Ada unasamehewa na kila mwezi unalipwa, lakini unalipwa kwa sababu unafundisha, unasahihisha mitihani au unamfanyia profesa utafiti. Mimi nilisoma uzamili wa isimu katika chuo kimoja cha Magharibi ya Kati ya Marekani huku nikifundisha Kiswahili. Ninachomwambia kila anayeniuliza ni kwamba barua ile ni mkataba wa ajira, na inatakiwa isomwe hivyo.

Kwa msemaji wa Kiswahili nafasi hizi zipo. Ohio University, Indiana na Wisconsin–Madison ni baadhi ya vyuo vyenye madarasa ya lugha yetu. Msizichanganye tu na mpango wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Ule ni wa mwaka mmoja wa masomo, unatumia viza ya J-1 (ya mabadilishano), na haukupi shahada.

Kwenye barua, tafuta kwanza miezi. Mikataba mingi ni ya miezi tisa, kwa hiyo kiangazi hakina mshahara, na kodi ya nyumba haijui kwamba chuo kimefungwa. Kisha angalia ada. Kusamehewa ada mara nyingi hakugusi michango mingine ya chuo, na michango hiyo inaweza kula sehemu nzuri ya malipo yako. Uliza bima ya afya inalipwa na nani. Uliza pia mkataba unahuishwa kwa masharti gani, maana uzamili ni miaka miwili na barua nyingi huahidi mmoja.

Ukiona unaharakishwa kujibu, kumbuka tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili linalompa mwombaji hadi siku hiyo kuamua kuhusu ofa ya fedha. Kama chuo chako kimo kwenye orodha ya waliosaini, una haki ya kusubiri barua nyingine na kuzilinganisha. Andika barua pepe ya heshima, taja azimio, omba muda. Hakuna atakayekuona mkorofi.

Njoo na akiba. Kazi huanza Agosti lakini malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa, na kwa ajili ya mshahara na kodi utahitaji nambari ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), nambari ya serikali ya Marekani ambayo huiombi ukiwa nyumbani. Unaiomba ukishafika, ukiwa na barua ya mwajiri na ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi na amana yake.

Kuhusu saa 20 naomba mnisikilize vizuri. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Barua ikisema umeajiriwa asilimia 50, hizo ndizo saa 20, na zimekwisha. Huwezi kuongeza zamu ya maktaba. Ndugu walioko Dallas au Minneapolis watakushauri kwa upendo uendeshe teksi za mtandaoni wikiendi, na nyumbani mdogo wako atakuwa anasubiri ada ya shule. Najua uzito wake. Lakini kazi ya nje bila kibali inaweza kukupotezea hadhi ya uanafunzi, na shahada pamoja nayo. Tuma kidogo kinachopatikana, na waeleze wazee mapema kwamba hukwenda kuajiriwa kwa mshahara kamili.

Kodi ya mapato nayo ipo. Fomu ya 1040-NR, ya wageni wasiohesabiwa kuwa wakazi, hupelekwa kila mwaka kabla ya katikati ya Aprili. Kagua hati ya malipo pia: katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hakatwi michango ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee). Ukikuta umekatwa, peleka swali ofisi ya mishahara.

Sasa darasani, sehemu niliyoipenda kuliko zote. Wanafunzi watakuita Mwalimu, na watakuuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" lakini "rafiki mzuri". Kukulia Tanga hakutoshi kujibu swali hilo. Utaandaa kipindi cha dakika 50 kwa saa mbili au tatu. Utawakuta pia vijana waliozaliwa Kivu, Kongo, au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanaosema "batoto banacheza". Usiwaandikie kosa kwa wino mwekundu kana kwamba mama zao hawajui lugha. Wafundishe sanifu kama nyongeza, na waache wawasimulie wenzao wanavyozungumza nyumbani. Vipindi vyangu bora vilitoka hapo.

Alama za wanafunzi ni siri, kwa sheria ya tangu 1974. Sisi tuliozoea matokeo kubandikwa ukutani inabidi tujifunze upya: husomi alama kwa sauti, huzijadili korido, wala mzazi akipiga simu humwambii.

Shida kubwa kwa wengi wetu ni malezi mazuri. Tumefundishwa kutomkatalia mkubwa, na profesa ni mkubwa. Anakuomba usahihishe kundi jingine, kisha umpokee mgeni uwanja wa ndege, na wewe unasema ndiyo huku tasnifu imelala. Nilianza kuandika saa zangu kila siku, na Ijumaa nikazituma kwa msimamizi kwa lugha ya upole: wiki hii nimefikisha 20, kazi hii mpya iingie wiki ijayo au nipunguze ipi? Hakuna aliyekasirika. Wengi wao hawakuwa wamehesabu. Saa za asubuhi niliziweka kwa ajili ya masomo yangu, na usahihishaji ukasubiri mchana, kwa sababu usahihishaji hujaza muda wowote utakaoupa.

Kiangazi hiyo kanuni ya saa 20 hulegea na unaweza kufanya kazi ya muda wote ndani ya chuo, ila lazima iwepo. Kozi za kiangazi na nafasi za utafiti hugawiwa mapema. Muulize mkuu wa idara mwezi Januari, kwa maandishi, na uulize tena Februari, maana anayengoja Mei hukuta majina yameshapangwa.