Shangazi, mume wangu hapendi kusafiri

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina duka la vitenge Majengo hapa Dodoma. Mwaka jana nilipanda SGR kwenda Dar kwenye sendoff ya mdogo wangu, na tangu siku hiyo nimegundua kumbe napenda sana kusafiri. Nimeshafika Kolo na Singida na wenzangu wa kikoba, watoto nawaacha na mama mkwe wangu wa Mpwapwa. Natamani raha hii niipate na mume wangu, lakini hataki. Akiwa nyumbani anashinda na singlendi chini ya mwarobaini. Nilimwambia tuazime Noah ya kaka yangu twende Iringa tukaone zile nguzo za mawe za Isimila, akasema amechoka. Nikiposti picha zangu haweki hata kopa. Desemba tunaenda Zanzibar, nilipomwambia akajibu 'we nenda tu'. Mwanaume gani anamruhusu mkewe kirahisi hivyo? Nahisi ana mtu huko njiani, maana ni dereva wa lori la Dar mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda. Nifanyeje? Mpenda Safari, Ipagala."

Marahaba, mwanangu. Kuona kitu kizuri halafu ukigeuka huna wa kumwambia "umeona?" kunauma, na kwa hilo nakupa pole. Pole yenyewe imeishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, maana Kolo peke yake uliijazia ukurasa. Umenieleza ulivyopanda kile kilima unahema, mwongozaji akawaonyesha wale watu warefu wembamba waliochorwa kwa wekundu mwambani, ukakaribia kulia. Hapo nakupongeza kwa dhati. Michoro ile imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, barabara ya lami ya Babati inapita hapo hapo Kolo, na bado kuna watu wamezeekea Dodoma mjini hawajawahi kuitia machoni. Lakini hesabu mistari uliyompa mumeo. Kazi yake umeikumbuka mwisho kabisa, tena kwa ajili ya kumshuku.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye safu hii asiyekuwepo ndiye ninayemtafuta kwanza, na wako nimempata: dereva wa lori la Rusumo! Huyo ndiye unayemwandika kwamba hapendi kusafiri?

Mwanangu, wewe umeanza kuonja safari mwaka jana. Mwenzako anaijua barabara shimo kwa shimo. Mizani ya Nala, Manyoni, Singida, mteremko wa Sekenke ambako dereva anaomba Mungu na breki zake kwa pamoja, Igunga, Nzega, Kahama, Nyakanazi, mpaka Rusumo kwenye foleni ya karatasi. Usiku analala nyuma ya siti, jicho moja kwenye tangi la mafuta asije akanyonywa dizeli. Akifika Ipagala anatafuta kitu kimoja tu kisichotembea, naye kakipata: ule mwarobaini.

Halafu unamletea Noah. Nikuulize, kwenda Iringa nani angeshika usukani? Wewe? Kaka yako? Hukuandika, kwa hiyo najua. Ulimwalika mtu mapumziko, ukampa zamu nyingine ya kazi, tena isiyo na posho. Mimi ningekataa kwa maneno makali kuliko "nimechoka".

Tuje kwenye ruhusa. Angekukatalia, ungeniandikia una mume katili. Amekuruhusu, umeniandikia ana mwanamke. Mtoto wa watu ajibu nini? Kuna wenzako wananyimwa ruhusa ya kwenda kwenye msiba. Kama ana mtu Kahama au hana, mimi si mganga. Madereva wana sifa yao na hawakuipata bure, hilo silifichi. Ila barua nzima hujanipa dalili hata moja. Hela ya matumizi hujailalamikia, simu hujailalamikia. Na mwenye mtu njiani huwa hashindi nyumbani na singlendi. Hutafuta sababu ya kuondoka mapema.

Kinachokuuma wewe ni kopa. Ndiyo ugonjwa wa ndoa za siku hizi, na hapa nawasema wengi, usijione umeonewa. Watu wanakopa kikoba waende ufukweni, wananuniana tangu kwenye boti, wanatabasamu sekunde mbili za picha, wanarudi hawasemeshani, na huku nyuma watu wanaandika "couple bora". Mume si mtazamaji wa status zako. Kama ulitaka mashabiki, unao wa kikoba.

Na mama mkwe, uliyempitia kwa nusu sentensi, ndiye aliyekuwezesha kwenda kote huko. Bila yeye ungepanda Kolo na mtoto mgongoni. Bibi wa Mpwapwa huyo, ujana wake treni ilikuwa ile ya kupandia Gulwe na kukesha nayo njiani. Umeshamwuliza kama angependa kuijua hii ya umeme? Sidhani.

Sasa fanya hivi. Lori likifika Dar mara nyingi halipakii siku hiyo hiyo. Dereva husubiri mzigo, pengine siku kadhaa, hana cha kufanya. Mwulize zamu ijayo anasubiri lini. Siku hizo mchukue bibi na watoto mkapande SGR. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa 2024 ilikuwa shilingi 31,000, na ni kama saa nne tu. Wahini stesheni, ile haikusubiri kama basi. Bibi mpe dirishani aone mahandaki ya upande wa Kilosa. Mkifika, mwite mumeo mle samaki Feri, mvuke na pantoni mpaka Kigamboni, yeye mikono mitupu. Wewe umesafiri na yeye hajaendesha.

Akirudi nyumbani, beba kigoda ukakae naye chini ya mwarobaini, simu iache ndani. Mwulize Sekenke usiku wa mvua ikoje. Nina hakika hujawahi kumwuliza.

Zanzibar nenda, ameshasema nenda. Ila angalia kwanza zamu yake; kama siku hizo ndizo atakazokuwa nyumbani, wenzako watangulie, boti zipo kila siku. Na kuhusu Iringa, shule za udereva hapa Dodoma zimejaa tele. Ukishapata leseni yako, iazime hiyo Noah uiendeshe mwenyewe, yeye akae siti ya kushoto alale mpaka Mtera.