Kibao cha mwalimu wetu kiliishia stoo

Mleta mada ameuliza hivi: darasa lao la chuo limechanga milioni 30, wanataka kukarabati chumba kimoja cha mihadhara na kukipa jina la mhadhiri wao aliyefariki. Chuo kitakubali? Waanzie kwa nani? Waliotangulia kujibu wamesema nendeni kwa mkuu wa idara, atafurahi. Kufurahi atafurahi, mkuu. Hata wa kwetu alifurahi.

Sisi tulifanya jambo hilohilo mwaka 2013, chuo sikitaji. Tulikuwa ishirini na kitu kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anatuma alichonacho kwa simu, na mweka hazina wetu alikuwa dada mmoja mkali kuliko benki. Zikapatikana milioni 18. Tukanunua viti 40 vyenye meza ndogo ya pembeni, mapangaboi manne, tukapaka rangi, tukabadilisha vitasa na swichi, projekta tukaining'iniza darini. Kibao cha shaba tulikichongesha Kariakoo: jina la mwalimu, miaka aliyofundisha, na chini yake maneno mawili, "Wanafunzi wake". Siku ya uzinduzi pilau ikapikwa, utepe ukakatwa. Mjane wa marehemu alikaa mstari wa mbele, na kila msemaji aliyesimama alianza kwa kumpa pole upya.

Miaka sita baadaye nikapita pale kufuatilia transkripti ya mdogo wangu. Chumba kimeshakuwa ofisi. Pale kilipokuwa kibao kulikuwa na vitundu vinne vimezibwa kwa plasta nyeupe kuliko rangi ya ukuta. Nikamtafuta mtunza stoo. Kibao kilikuwa chini ya lundo la viti vibovu, na viti vyenyewe ni vyetu vilevile. "Kaka, hii nimeikuta hapa nilipohamia," akaniambia. "Chukueni tu."

Nilifoka, kisha nikapoa, maana kila niliyemtafuta nimlaumu sikumpata. Mkuu wa idara tuliyekubaliana naye alishastaafu. Aliyempokea hakuambiwa kitu. Kwenye faili kulikuwa na karatasi moja tu, barua ya kutushukuru. Hakuna mkataba, hakuna muhtasari wa kikao, hakuna popote palipoandikwa kwamba chumba kitabaki chumba cha mihadhara. Tulikuwa tumeahidiana na mtu, tukadhani tumeahidiana na chuo.

Kwa hiyo, kuhusu kuanzia kwa nani: idara iwe rafiki yenu, ila jina la chumba au jengo kwa kawaida linapita ngazi za juu, hadi Baraza la Chuo. Ombeni kumbukumbu ya kikao, si barua ya shukrani. Na msishangae wakubwa wakiwatazama kwa mashaka. Kwetu jina la jengo ni heshima, hatujazoea kulifungamanisha na hela. Nkrumah hakutoa senti Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), uitwe hivyo, wala Lumumba hakuchangia bweni la Makerere lenye jina lake. Hata hosteli za UDSM zilizofunguliwa 2017 zinaitwa za Magufuli, na zile bilioni 10 zilitoka serikalini. Nairobi wamezoea zaidi, jina la mfanyabiashara Chandaria utalikuta kwenye zaidi ya chuo kimoja, na mtoaji anajulikana. Sisi bado. Ukiingia ofisini ukasema "tunatoa milioni 30, mtuwekee jina", kuna mzee pale atasikia unataka kununua chuo.

Baada ya kuumia nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani wana mpaka bei ya benchi la bustanini. Lakini kilichonifungua macho ni kisa cha Paul Smith's College, kaskazini mwa jimbo la New York. Mtoto wa huyo Paul Smith alifariki 1937, akaacha wosia kwamba mali yake ianzishe chuo kitakachobeba jina la baba yake daima. Mwaka 2015 akatokea tajiri, Joan Weill, akaahidi dola milioni 20 kwa sharti jina lake liongezwe kwenye jina la chuo. Chuo, kilichokuwa na shida ya fedha, kikakimbilia mahakamani kuomba ruhusa. Jaji akakataa, wosia ni wosia. Milioni 20 zikaondoka. Unaweza kusema jaji aliwaumiza wanafunzi, na mimi sina hakika kwamba nisingesema hivyo. Ila tazama karatasi ya mtu aliyekufa miaka 78 nyuma ilivyozishinda hela za mtu aliye hai. Sisi kibao cha skrubu nne hakikumaliza miaka sita.

Kingine kilinichekesha. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 2007, wahitimu 13 waliungana wakatoa dola milioni 85 kwa sharti kwamba shule ISIPEWE jina la mtu yeyote kwa miaka 20. Wamelipa ili ibaki Wisconsin tu. Na tazama, hata ahadi ya kutokuwa na jina wameiandikia muda.

Sasa hizo milioni 30. Ushauri wangu, na najua utawaudhi wale wanaotaka kupiga picha na utepe: msizitie ukutani. Rangi inachuja, projekta inakufa, na hakuna bajeti ya chuo itakayotunza kitu chenu kabla ya vya kwake. Watu wa pwani hili wanalijua bila kufundishwa. Mzee aliyetaka msikiti usikose mafuta ya taa hakuishia kwenye kuta, aliweka wakfu na minazi. Nazi zinauzwa, taa inawaka, na mzee anaombewa dua hata na waliozaliwa baada yake. Zanzibar mpaka leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Tafuteni minazi yenu.

Yetu ilikuwa hatifungani. Tulianza upya kuchanga, tukafika milioni 24, na mwaka 2022 tukanunua hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani tuliikopesha serikali nayo inatulipa riba. Tulichelewa kidogo, maana mwaka huohuo riba ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na dada mweka hazina hajatusamehe kwa kuvuta miguu. Kwa asilimia 12.10 tunapata 2,904,000 kwa mwaka, inaingia mara mbili, 1,452,000 kila miezi sita. Robo tunairudisha, tunanunua vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa sababu baada ya miaka 20 serikali itaturudishia milioni 24 zilezile na sote tunajua shilingi inavyochakaa. Inayobaki, 1,089,000 kila miezi sita, inakwenda kwa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho anayekwama kwenye utafiti: nauli ya kwenda kukusanya data, kuchapa madodoso, kulala. Jina la tuzo ni la mwalimu. Riba za mnada hubadilika, ulizeni benki yenu kabla ya kupiga hesabu.

Kilichotusumbua ni nani awe mwenye mali. Usiweke kwa jina la mwenyekiti, hata awe mcha Mungu kiasi gani, siku akifa mtakutana na wanawe. Tulisajili wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, tukafungua akaunti ya benki na ya CDS, ile inayotunza hatifungani, kwa jina lao. Karatasi zilituchukua karibu mwaka, na watu wanne walijitoa grupu.

Mkataba na chuo ni ukurasa mmoja. Unasema fedha ni za nini, jina litatajwa wapi (cheti, tovuti, kitabu cha mahafali), na kozi ikifutwa au idara ikiunganishwa tuzo inahamia wapi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho mwanasheria wa chuo alichokipigia kelele na ndicho tulichokataa kitolewe. Kingine, mteule anachaguliwa na idara, sisi hatumo. Kipengele hiki tulikiongeza baada ya mwenzetu mmoja kuanza kuleta majina ya wapwa zake kabla hata riba ya kwanza haijaingia.

Kila mwaka mwanafunzi aliyepata anamwandikia mjane barua, kwa mkono, nusu ukurasa inatosha. Ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya binti aliyekwenda Kilwa kuuliza wavuvi kuhusu bei ya barafu. Mama huyo mjane alinipigia simu saa mbili usiku, hakuwa na neno la shukrani, alitaka kujua kwa nini barafu ni ghali hivyo Kilwa.

Kibao nilikitoa stoo siku ileile, nikakisugua kwa limau na majivu. Kipo sebuleni kwa mama huyo, chini ya saa ya ukutani. Skrubu ilibidi ninunue mpya.

Ukitaka ule ukurasa wa mkataba niandikie faragha, nitakutumia nikishafuta majina.